Mwongozo wa Kununua, Kutunza na Kutumia Risasi kwa Mlinzi, Mmiliki Halali na Mlenga Shabaha wa Morogoro

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mkoani Morogoro silaha ya kiraia hukutwa zaidi mikononi mwa watu wa kazi: mlinzi wa lango la kiwanda Kihonda, msimamizi wa shamba la miwa Turiani, mfanyabiashara wa Msamvu, mwindaji mwenye leseni. Wamo pia wachache wanaopenda mchezo wa kulenga shabaha. Wote wanabeba wajibu mmoja. Risasi ikishatoka kwenye mtutu hairudi, na anayewajibika ni aliyeifyatua.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Kwa silaha msemo huo haufai. Ajali nyingi za risasi zina kinga, na kinga hiyo ni utaratibu unaofuatwa kila siku, hata siku ambayo mtu amechoka au ana haraka. Huo ndio msingi wa mwongozo huu, na ndio pia msingi wa ushindi kwenye uwanja wa shabaha.

2. Je, nijaze maganda mwenyewe?

Wapenda shabaha huulizana swali hili mara kwa mara. Katika nchi kama Marekani, Uingereza na Afrika Kusini walengaji wengi wa mashindano hujaza maganda yaliyokwisha kutumika. Sababu yao kubwa ni usawa: wanataka kila risasi ifanane na iliyoitangulia, ili tofauti kwenye shabaha itokane na mkono wa mlengaji peke yake. Wenzetu hao hufanya kazi hiyo ndani ya sheria za nchi zao, kwa vifaa vya vipimo na kwa vitabu vya viwango vilivyojaribiwa maabara.

Kwetu jibu ni hili: usijaze. Sababu ya kwanza ni sheria. Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kutengeneza risasi ni shughuli ya leseni, nayo leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo. Anayekaa mezani nyumbani na kurudisha baruti, fataki ya kuiwasha na kichwa kwenye ganda tupu anatengeneza risasi. Baruti yenyewe ina sheria yake tangu mwaka 1963, na kuihifadhi ndani bila kibali ni kosa jingine.

Sababu ya pili ni nguvu iliyomo ndani ya ganda. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 imewekewa kikomo cha shinikizo cha takribani bar 2,350 chini ya viwango vya kimataifa. Tairi la gari dogo lina kama bar 2 tu. Baruti zinazofanana kwa macho huungua kwa kasi tofauti, na kiasi kinachofaa kwa moja huweza kupasua chemba kikitumika kwa nyingine. Ganda likijazwa mara mbili kwa kusahau, mtutu hupasuka mbele ya uso wa mfyatuaji. Likisahaulika kujazwa, fataki peke yake husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata hugonga hapo.

Wenyeji wa Morogoro wana mfano jirani. Shirika la Mzinga, lililo chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, limekuwa katika mkoa huu tangu miaka ya 1970, na risasi ni miongoni mwa mazao yake. Kazi hiyo inafanyika ndani ya uzio, kwa wataalamu na kwa udhibiti wa ubora. Haikuwekwa huko kwa bahati.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya usawa anaoutafuta mlengaji inapatikana kwa kununua vizuri, kutunza vizuri na kuandika kumbukumbu. Sehemu zinazofuata zinaeleza namna ya kufanya hivyo.

3. Kununua

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni pekee, ukiwa na kitabu chako cha umiliki, kwa kiasi kilichoruhusiwa. Dai risiti na uitunze. Risasi ya kupewa na rafiki au ya kununua mtaani haina historia: hujui ilikaa wapi wala kama ganda lake limewahi kujazwa upya. Zaidi ya hayo, huwezi kueleza mbele ya Polisi umeipata wapi.

Kabla ya kulipa, kagua mambo yafuatayo:

a) Aina. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye mtutu au chemba, kisha alama ya kitako cha ganda. Lazima yaoane. Kipenyo peke yake hakitoshi, kwa maana risasi za milimita 7.62 ziko za aina kadhaa na haziingiliani.

b) Urefu wa chemba kwa shotigani. Shotigani ya namba 12 huweza kuwa na chemba ya milimita 65, 70 au 76. Usifyatue risasi ya milimita 76 katika chemba ya 70. Itaingia bila shida, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka. Hatari huja linapofunguka likakosa nafasi, na shinikizo likapanda.

c) Namba ya toleo la kiwandani, iliyochapwa kwenye boksi. Kwa mlengaji wa mashindano namba hii ni mali. Boksi kumi za toleo moja zina thamani kuliko boksi kumi za matoleo matano, hata kama jina la kiwanda ni lilelile.

Onyo kwa wenye shotigani: usichanganye risasi za namba 20 na za namba 12 katika mfuko mmoja. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya namba 12 huteleza na kukaa mbele ya chemba bila kuonekana. Mtu hudhani bunduki haina kitu, akaweka ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka mahali mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo maana viwanda vingi hupaka maganda ya namba 20 rangi ya manjano.

4. Kutunza risasi katika hali ya hewa ya Uluguru

Mkoa wetu una hali za hewa zinazotofautiana sana katika umbali mfupi. Mjini, kwenye mwinuko wa takribani mita 500, joto la kati ya Novemba na Februari hupita nyuzi 30 mara nyingi. Upande wa mashariki wa milima, kuelekea Kinole na Matombo, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na unyevu hauishi. Mgeta ni baridi na ukungu. Risasi huharibiwa na joto, na huharibiwa na unyevu vilevile.

Joto huchosha baruti. Baruti ya kisasa huwekewa kemikali ya kuituliza, na joto la muda mrefu huimaliza kemikali hiyo. Usiache risasi ndani ya gari lililofungwa juani: ndani ya saa moja joto hupita nyuzi 50. Risasi iliyopata moto kabla ya kufyatuliwa pia hupandisha shinikizo, na shabaha yako huhama. Mahali panapofaa ni ndani ya nyumba, ukutani pasipopigwa jua la alasiri.

Unyevu huleta kutu na kudhoofisha fataki. Weka risasi katika boksi lake la asili, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Vibadilishe au vikaushe kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Chombo kisigusane na sakafu wala ukuta wa tope.

Usihifadhi risasi kwenye mkanda wa ngozi. Kemikali za kulainishia ngozi hula shaba na kuacha ukoko wa kijani, na ganda lenye ukoko huo huweza kukwama chembani. Mkanda ni wa kubebea zamu. Baada ya zamu risasi zirudi kwenye boksi.

Jambo moja linawahusu wakulima na wafugaji hasa. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda ya shaba ya njano yakipasuka yenyewe wakati wa msimu wa mvua. Uchunguzi ulionesha kwamba risasi zilikuwa zikihifadhiwa karibu na mazizi, na hewa ya amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ndiyo iliyoyapasua. Amonia hiyo ipo kwenye banda la kuku la Bigwa, kwenye zizi la mbuzi wa maziwa la Mgeta na kwenye stoo yenye mifuko ya mbolea ya urea. Usiweke risasi humo.

Mafuta nayo yana mipaka. Paka bunduki, usipake risasi. Mafuta mepesi hupenya kwenye fataki na kuiua. Ukishaipaka bunduki, fungua chemba na ukaushe mafuta yaliyobaki kabla ya kupakia.

Mwisho, bunduki na risasi zifungiwe mahali tofauti, na funguo zikae kwa mmiliki. Juu ya kabati siyo mahali pa kufungia, na chini ya godoro vilevile siyo. Mtoto anayejua sukari imefichwa wapi anajua na bastola ilipo.

5. Ukaguzi wa kila wiki na makabidhiano ya zamu

Kwa walinzi, saa ya hatari ni ya kukabidhiana. Fuateni hatua hizi bila kuruka hata moja:

1. Anayekabidhi aelekeze mtutu mahali salama palipochaguliwa, kama pipa lililojaa mchanga.
2. Atoe magazini au risasi zote, kisha afungue chemba.
3. Wote wawili waangalie chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole.
4. Wahesabu risasi pamoja na kusaini daftari, wakiandika saa, idadi na namba ya silaha.
5. Anayepokea apakie mwenyewe, kwa utaratibu wa kampuni yake.

Mara moja kwa wiki, zipange risasi mezani na uzikague moja moja. Tenga yenye mbonyeo, ufa, ukoko wa kijani, fataki iliyochomoza au kichwa kinachocheza. Kwa wenye bastola, pimeni urefu wa risasi ya juu kwa kuilinganisha na mpya. Mlinzi anayeingiza na kutoa risasi ileile chembani kila siku hukisukuma kichwa chake ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Badilisha risasi hiyo, na usiirudishe kwenye magazini.

6. Risasi ikigoma

Ukifyatua na risasi isilie, usifungue chemba. Baki umeelekeza mtutu mahali salama na uhesabu sekunde 30, kwa sababu fataki dhaifu huweza kuwasha baruti kwa kuchelewa. Baada ya hapo toa risasi hiyo huku uso ukiwa mbali na chemba, na uitenge.

Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, au bunduki isipopiga teke kama ulivyozoea, acha mara moja. Usifyatue tena hata kama shindano linaendelea na saa inakimbia. Toa risasi zote na uhakikishe kwamba mtutu uko wazi kuanzia chembani hadi mdomoni. Hasara ya kupoteza raundi moja haiwezi kulinganishwa na hasara ya jicho.

7. Kujiandaa kwa shindano

Mlengaji mwenye risasi chache za kiwandani anaweza kuendelea mbele kwa nidhamu ifuatayo.

Fanya mazoezi bila risasi. Hakikisha silaha ni tupu, risasi zimeachwa chumba kingine na ukuta ulio mbele ni imara. Kisha lenga na ubonyeze triga taratibu, ukiangalia kama kilengeo kinayumba wakati nyundo inapopiga. Dakika 15 kila siku hujenga mkono zaidi kuliko boksi zima la risasi linalomalizwa kwa haraka mara moja kwa mwezi. Kwa bunduki zenye fataki ya ukingoni, na kwa shotigani za zamani, tumia risasi za bandia ili kuilinda pini.

Pima toleo la risasi. Kwenye uwanja ulioidhinishwa, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga na ufyatue risasi tano za toleo moja kwa umbali usiobadilika. Pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Rudia kwa toleo jingine. Chagua lenye kundi dogo, linunue kwa kiasi unachoruhusiwa na ulihifadhi kwa ajili ya mashindano. Kwa njia hii unapata usawa bila kugusa baruti.

Andika daftari: tarehe, mahali, saa, joto, upepo, toleo la risasi, umbali na ukubwa wa kundi. Milima ya Uluguru ina tabia yake. Mchana hewa iliyopata joto hupanda mteremko, jioni hewa ya baridi hushuka bondeni. Asubuhi na mapema huwa na utulivu zaidi, basi rekebisha kilengeo saa hizo, halafu jifunze upepo wa mchana kwa kuandika ulivyohamisha risasi.

Anayeanza afikirie mchezo wa bunduki ya upepo ya mita 10, ulio katika Michezo ya Olimpiki. Kidonge chake ni cha milimita 4.5, bunduki haizidi kilo 5.5 na bastola haizidi kilo 1.5. Kumi ya shabaha ya bunduki ni kitone cha nusu milimita, kwa hiyo hufundisha pumzi, msimamo na triga kwa gharama ndogo. Usidhani, hata hivyo, kwamba bunduki ya upepo haihitaji kibali. Uliza Polisi kabla ya kununua.

8. Uwanja wa shabaha

Fyatua kwenye uwanja ulioidhinishwa tu. Shamba lako haliwi uwanja kwa sababu tu ni lako. Risasi ndogo ya .22 huweza kufika kilomita 1.5, ya bastola ya milimita 9 karibu kilomita 2, na ya bunduki kubwa kilomita 4 au zaidi. Miteremko ya Uluguru inakaliwa na kulimwa hadi mpakani mwa msitu. Mlima unaouona kama ukuta wa kuzuia risasi una njia za miguu, na njia hizo zina akina mama wanaoshusha ndizi sokoni. Juu yao kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ambako kuingia na silaha bila ruhusa ni kosa.

Kanuni nne zishikwe na kila mtu, mgeni na mwenyeji: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukipiga, kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Vaa miwani na vizuia sauti. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango kinachoharibu sikio kwa mlio mmoja, na usikivu uliopotea haurudi. Moshi wa fataki na vumbi la vichwa huwa na madini ya risasi yenye sumu. Usile wala kuvuta sigara uwanjani. Nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, hasa kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mjamzito.

9. Neno kuhusu gobore

Katika baadhi ya vijiji gobore bado linatumika kuwafukuza nguruwe pori na ngedere mashambani. Mwenye gobore anajaza mwenyewe kila mara, kwa kukadiria, na mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hatari huongezeka mtu anapofungua risasi ya kisasa na kutia baruti yake kwenye gobore. Baruti hiyo ina nguvu kuliko baruti nyeusi, na bomba hupasuka. Kwa wanyama waharibifu, toa taarifa ofisi ya kijiji ili maofisa wanyamapori wa halmashauri waitwe. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania nayo ina makao yake makuu hapa Morogoro. Mwenye gobore lisilo na leseni alisalimishe. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilitoa nafasi ya kusalimisha kwa hiari kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, na Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kwa kazi hiyo. Fuatilia matangazo ya Polisi na utumie nafasi inapotangazwa.

10. Risasi mbovu na za zamani

Risasi uliyoitenga kwa ubovu usiitupe jalalani, usiichome, usiifukie, wala usiitupe mto Ngerengere au bwawa la Mindu tunakonywa maji. Usijaribu kuifungua. Iweke kwenye chombo chake, iandike kwenye daftari na uikabidhi kituo cha Polisi kwa hati ya mapokezi. Fanya vivyo hivyo kwa silaha na risasi za marehemu: familia itoe taarifa mapema, kwa kuwa leseni hairithiwi pamoja na nyumba.

Tanzania imelipa gharama kubwa kujifunza kwamba risasi na mabomu yaliyohifadhiwa hayalali usingizi. Milipuko ya maghala ya jeshi Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, iliua zaidi ya watu 20 kila mmoja na kuwaacha wengi bila makazi. Boksi moja nyumbani ni dogo mbele ya ghala, lakini wajibu wa kulitunza ni uleule.

11. Wito

Mwajiri, nunua boksi la chuma na daftari kabla ya kununua bunduki ya pili, na mpe mlinzi wako mafunzo na risasi za mazoezi. Mlinzi, usikubali kupokea silaha ambayo hukuiona chemba yake. Mlenga shabaha, tafuta usawa kwenye toleo, kwenye daftari na kwenye mkono wako, na uiache baruti kwa wenye leseni. Leo jioni, kabla ya kulala, fungua mahali unapohifadhi risasi zako, zihesabu, zikague na ulinganishe idadi na kitabu chako. Ukikuta pungufu au usiyoitambua, nenda Polisi kesho asubuhi.